Mwendo wa Mzee Angetile

1

"Usiitazame miguu," Profesa Mbonea alisema. "Leo si yako. Tembea, kisha uniambie mgonjwa yuko wapi: ni mfupa, ni msuli au ni neva."

Subilaga aliviachia vyuma vya kujishikilia. Gwanda lilikuwa limembana kuanzia shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, jepesi kama soksi, na nyuzi zake zilikuwa zimekwisha kushikamana na neva zake. Muda mfupi tu uliopita alikuwa Subilaga Mwaipopo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mchezaji wa netiboli ya chuo. Sasa alikuwa Nakala ya Kumi na Nne, mwili wa mwanamume ambaye darasa halikuambiwa jina lake, aliyekubali kunakiliwa neva kwa neva kabla hajafa ili wanafunzi wa udaktari waujue ugonjwa wake kwa kuuvaa.

Hivyo ndivyo walivyosoma Mifupa na Neva katika chuo kile cha milimani Tukuyu. Zamani mwanafunzi alikariri dalili kama kasuku, akafaulu mtihani, kisha mgonjwa mwenye dalili zote hizo akapita mbele yake asimtambue. Siku hizi hakuna aliyeruhusiwa kuandika jina la ugonjwa kabla hajauvaa na kutembea nao.

Alipiga hatua. Mguu ulipanda juu kuliko alivyoutuma, ukaning'inia, kisha vidole vikatangulia kugusa sakafu. Pah. Akapiga ya pili. Pah.

"Nyonga ni nzima," alisema. "Goti ni zima. Paja lina nguvu kuliko langu."

Wenzake wakacheka.

"Tatizo linaanza chini ya goti. Naamuru unyayo uinuke, amri inachelewa kufika. Kwa hiyo naubeba mguu mzima, kama mtu anayevuka kijito."

"Msuli wa muundi umekufa, basi."

"Haujafa, Profesa. Haujaambiwa."

Profesa Mbonea alikuwa mwanamke mfupi wa Kipare aliyesifu kwa kuuliza swali gumu zaidi. "Haujaambiwa na nani? Uti wa mgongo au neva za nje?"

"Neva za nje. Ingekuwa uti wa mgongo, mguu ungekakamaa. Huu umelegea. Na nina ganzi miguu yote miwili, inaishia pamoja juu ya vifundo." Alifumba macho, akasikiliza. "Ala ya neva imechubuka. Ni kama waya uliovuliwa plastiki yake, umeme unapotea njiani."

"Tangu lini?"

"Tangu ujana wake, au kabla. Gwanda linanikunja unyayo kwa juu kama daraja, na vidole vinajikunja kama makucha. Mifupa haipindi hivyo kwa mwaka mmoja. Na kingine, mwili huu haushangai. Mtu aliyeanza kuchechemea juzi hujikaza kila hatua. Huyu anatembea tu. Nafikiri kwa miaka mingi hakujua kama anaumwa."

Profesa Mbonea alimsogelea. "Alikuja kwetu akisema hawezi kufunga vifungo vya shati," alisema. "Miguu hakuitaja kabisa. Ni ugonjwa wa ala, wa kurithi. Huanza miguuni, hukaa kimya miaka, kisha hupanda mikononi, na mwisho hufika kwenye neva inayovuta pumzi. Vua gwanda. Nenda ukatulie."

Kutulia ilikuwa kanuni. Nakala huacha mabaki. Mwanafunzi aliyekwisha kuvua gwanda bado hutembea kwa miguu ya mwingine kwa muda, na hutakiwa kukaa kwenye chumba cha mapumziko mpaka mwili wake urudi. Lakini zamu ya Subilaga katika kliniki ya mifupa ilikuwa imeanza, na alijisikia vizuri. Alijiambia mabaki yataisha njiani.

2

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbi wa kliniki, kitenge kimetandazwa juu ya goti lililovimba. Alikuwa ameinamisha kichwa. Subilaga alipopita alikiinua ghafla, akamfuata kwa macho mpaka mwisho wa ukumbi, akainuka huku akishika ukuta.

"Binti," aliita. "Hebu rudi."

Subilaga alirudi. Pah, pah, kwenye saruji.

"Ugonile, mama. Kuna shida?"

Mwanamke hakuitikia salamu. Alikuwa anaitazama miguu yake. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mwaipopo, kule Kiwira."

"Hamna undugu na akina Mwaseba?"

"Hapana, mama."

"Basi mwendo huo umeupata wapi?"

Subilaga alielewa papo hapo. Alitakiwa kusema hajui. Wenye nakala hawatajwi, na wanafunzi hawazungumzi na jamaa zao. Lakini mwanamke hakungoja jibu. Alijishusha tena kwenye benchi, machozi yakimlengalenga, ila sura yake ilikuwa ya furaha.

"Mume wangu alikuja hapa kabla hajafariki," alisema. "Aliniambia amewaachia wanafunzi mwili wake ndani ya mashine. Nikadhani ni mapafu, maana kifua ndicho kilichomwondoa. Kumbe mlichukua na miguu." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Angetile wangu. Nilikuwa namjua angali njiani, kabla sijamwona. Mwanangu, nikikuomba utembee tena kidogo, nitakuwa nimekosea?"

Ukumbi ulikuwa na wagonjwa wachache, kila mmoja na lake. Subilaga alijua kanuni, na alijua pia kwamba hakuna kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mama huyu. Akatembea hadi dirishani, akageuka, akarudi.

Mama yule alicheka taratibu, kichwa kikienda kulia na kushoto. "Ndiye. Ndiye kabisa. Ndaga, asante sana, mwanangu. Sasa nakwambia, huo ndio mwendo wa akina Mwaseba. Baba yake alitembea hivyo. Kaka yake hivyo hivyo. Watu wakiwaona kwa nyuma msibani wanasema, hao ni wale wanaobisha hodi kwa miguu." Akapunguza sauti kama mtu anayejisifia. "Hata Gwamaka wangu anao. Na yeye sasa ana mtoto, tunangoja aanze kusimama tuone."

"Gwamaka ndiye mwanao?"

"Wa pekee. Fundi wa minara ya upepo kule Uporoto. Anapanda juu mpaka mawingu yanamficha."

Muuguzi aliita jina la mama, naye akainuka, akamshika Subilaga bega kama anayemuaga mtoto wake, akaingia kwa daktari. Subilaga alibaki amesimama. Alikuwa ameuvaa ule mwili asubuhi hiyohiyo. Alijua ulivyo unyayo usiohisi unakanyaga nini. Sasa alikuwa akiuwazia unyayo huo kwenye ngazi ya chuma, juu ya mawingu.

3

"Funga mlango," Profesa Mbonea alisema alipokwisha kusikiliza. Aliacha hilo la kutotulia lipite, jambo lililomwonyesha Subilaga kwamba lililobaki lilikuwa kubwa zaidi.

"Mzee Angetile alijua," alisema Profesa. "Nilimweleza mwenyewe, kwenye kiti hicho ulichokalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kuna dawa. Wakati ule haikuwepo. Akasema, basi familia yangu isiambiwe."

"Hata mwanawe?"

"Hasa mwanawe. Kaka yake aliwahi kupimwa mjini, akaambiwa kila kitu. Alirudi nyumbani akakaa kitako. Hakupanda tena hata mgomba. Mkewe akachoka akaondoka. Mzee aliniambia, ugonjwa ulimwua kaka miaka mingi baadaye, ila habari zake zilimwua wiki ileile. Akasema, Gwamaka ana mwendo wangu, mwacheni apande minara yake. Mtachukua mwili wangu mfundishie, nami nataka kimya chenu. Nikampa neno langu."

"Lakini sasa dawa ipo."

"Ipo. Inafunika ala iliyobaki, hairudishi iliyokwisha kuchubuka. Anayeanza mapema hubaki na mikono yake na pumzi yake." Profesa alivua miwani. "Usidhani sijafikiria. Nimeshaiomba kamati ya maadili ikae juu ya nakala zote za magonjwa ya kurithi. Itakaa."

"Lini?"

"Itakapokaa."

"Na yeye yuko juu ya mnara."

"Subilaga, kuna mambo mawili hapa, si moja. Kuna ahadi kwa marehemu. Hiyo labda unaweza kuniambia kwamba marehemu haumii. Lakini kuna na haki ya Gwamaka mwenyewe ya kutojua. Hajaja hapa. Hajauliza. Ana kazi, ana mtoto mchanga, ana mwendo anaojivunia. Wewe nani umwendee umgeuzie ukoo wake kuwa ugonjwa?"

Subilaga alifikiri. Hakuwa mtu wa kuona haya kufikiri mbele ya wakubwa. "Nitamwuliza kama anataka kujua."

"Mtu akikuuliza kama unataka kujua siri ya damu yako, utalala?"

"Hapana."

"Basi swali lenyewe ni jibu."

"Najua, Profesa."

Profesa Mbonea alivaa tena miwani, akamtazama kama alivyomtazama darasani pale aliposema msuli haujaambiwa. "Ukifanya hivyo nitakupeleka mbele ya kamati," alisema. "Sitatafuta njia ya kukwepa, na sitaki unishukuru kwa kutokukwepa."

4

Mama Gwamaka alirudi kliniki wiki iliyofuata kutolewa maji gotini, na safari hii aliletwa na mwanawe. Subilaga aliwaona wakivuka uwanja katika manyunyu. Mama alikuwa mbele na mwavuli. Kijana mrefu alimfuata, koti la kazi limefungwa kiunoni, akiupandisha kila mguu juu ya majani mafupi kama anayevuka maji. Subilaga asingekuwa amelivaa gwanda lile angeona kijana mwenye madaha tu. Sasa aliona mguu wa kulia unachelewa kuliko wa kushoto, na kwamba Gwamaka alitazama chini kabla ya kila ngazi, hata zile mbili fupi za mlangoni.

Mama alipoingia kwa daktari, Subilaga alimwendea kijana aliyebaki barazani.

"Kaka Gwamaka, mimi ni Subilaga. Nasoma hapa. Bado sijawa daktari."

"Wewe ndiye uliyetembea kama mzee." Alitabasamu. "Mama kaieleza hadithi hiyo mpaka majirani wamechoka."

"Ndiye mimi. Kuna jambo juu ya mwendo ule naweza kukwambia. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, na sitakufuata tena."

Tabasamu lilififia polepole. Gwamaka aliangalia mlango alikoingia mama yake, kisha uwanja, kisha akakaa kwenye ukingo wa baraza.

"Dada, jambo la namna hiyo ukishalitaja limeshasemwa."

"Ndiyo. Nilijua hivyo nilipokuja kwako. Sitajifanya nimekuachia hiari yote."

Mvua ilizidi kidogo.

"Ni ugonjwa?" Gwamaka aliuliza.

"Ni ugonjwa wa neva. Wa kurithi."

"Alioufia baba?"

Subilaga alikwama hapo. Kuhusu Gwamaka angeweza kusema, kwa kuwa alikuwa amemwona akitembea kwa macho yake mwenyewe. Kuhusu baba yake hakuwa na ruhusa. "Nazungumzia miguu yako," alisema. "Nimeiona sasa hivi."

Gwamaka aliitikia kwa kichwa, kama aliyepata jibu hata hivyo. Akainama, akafungua kamba za buti la kulia, akalivua. Kifundo kilikuwa kimezungushiwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme, tabaka juu ya tabaka, ukapanda hadi katikati ya muundi.

"Bila hii mguu unaning'inia," alisema. "Nilianza mwaka jana. Wenzangu nawaambia niliteguka mpirani. Mwezi uliopita nikiwa juu nilikanyaga pasipo na kitu. Mkanda ukanidaka. Nikawaambia ngazi ilikuwa na umande." Alianza kulivaa buti tena, polepole. "Ilikuwa kavu."

"Dawa ipo," Subilaga alisema. "Haitakurudishia mguu. Ila inaweza kuulinda mkono, na pumzi. Inabidi kuanza mapema."

"Na kazi yangu?"

"Hawatakuruhusu kupanda tena."

"Unasema hivyo bila hata kumung'unya maneno."

"Ningemung'unya ungejua tu."

Kijana akafunga kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amekasirika, na Subilaga aliona hasira ile inamstahili yeye pia, siyo ugonjwa peke yake. "Kule juu ndiko ninakojisikia mtu," alisema. "Ungenipa hata mwaka mmoja."

"Sikuwa na mwaka wa kukupa."

Gwamaka alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu akae. "Na mtoto?"

"Nusu kwa nusu, kuurithi au kutourithi. Hapimwi kabla hamjaamua wewe na mama yake. Hakuna atakayewalazimisha, na mtu akijaribu niambie."

Hapo ndipo Gwamaka alipoinamisha kichwa kati ya magoti, akakaa hivyo mpaka mlango wa daktari ulipofunguliwa. Kisha alisimama, akajipangusa suruali. "Niandikie jina la huo ugonjwa," alisema. "Sitaki kulisikia mbele ya mama kabla sijajua nitamwambiaje."

Subilaga akamwandikia. Alipoondoka barazani hakwenda wodini. Alikwenda moja kwa moja kwa Profesa Mbonea, akamwambia alichokifanya, neno kwa neno.

5

Kamati ilikaa haraka safari hiyo. Wazee watano walimsikiliza, wakamwuliza kama alijua ahadi iliyokuwepo, akasema alijua. Wakamwuliza kama angefanya tena. Akasema angefanya tena, ila angetafuta mahali pazuri pa kuketi kuliko baraza lenye mvua. Mmoja wao alikunja uso, mwingine akaficha kicheko kwa kukohoa. Walimnyima gwanda mpaka mwaka unaofuata. Maana yake ni kwamba angerudia muhula mzima wa Mifupa na Neva, na wenzake wangemwacha.

Hilo alilitarajia. Ambalo hakulitarajia lilikuja baadaye, Profesa Mbonea alipomwita ofisini na kumwambia kwamba habari zimeenea, na kwamba wagonjwa wawili waliokuwa wamejitolea wameomba nakala zao zifutwe. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo ambao chuo hakikuwa na mfano mwingine wake.

"Wanasema chuo hakishiki neno," alisema Profesa. "Nawaelewa. Wanafunzi watakaokuja hawatauvaa mwili ule, na siku moja mmoja wao atapishana na mgonjwa mlangoni asimtambue. Nataka ulibebe hilo pamoja na lile lingine, la kijana. Usichague moja."

"Sitachagua."

"Ningekuwa mimi ningeingoja kamati," Profesa alisema, akigeukia dirisha. "Na kijana angengoja na mimi. Nenda kasome. Mwakani nitakuuliza maswali magumu zaidi."

6

Dawa ilitolewa katika jengo jipya nyuma ya wodi ya watoto, chumba kimoja chenye vitanda vinne na madirisha makubwa yanayotazama mashamba ya chai. Asubuhi ya dozi ya kwanza ya Gwamaka, Subilaga alifika akiwa na nguo za kawaida. Hakuwa na zamu. Alikuwa amealikwa na mgonjwa, kwa ujumbe mfupi wa simu: *Njoo uone ulichokifanya.* Alikuwa ameusoma mara nyingi bila kujua umeandikwa kwa sauti gani.

Mama Gwamaka alikuwa nje ya mlango, peke yake kwenye kiti, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Kupitia kioo cha mlango walimwona Gwamaka amelala, mkono wa kushoto umenyooshwa, muuguzi akitafuta mshipa. Kampuni ilikuwa imemhamishia chini, kwenye chumba cha kuongoza minara kwa mitambo. Mama alisema mwanawe anakichukia chumba hicho, na kwamba wiki ya kwanza alikula ugali bila kusema neno. Wiki ya pili akaanza kuwagombeza walioko juu kwa redio, jinsi wanavyofunga mikanda yao. Sasa walikuwa wanamwogopa.

"Binti," alisema mama. "Nataka kukuuliza jambo, na usinizungushe. Mume wangu alijua?"

Subilaga alikuwa amejiandaa kwa maswali ya dawa, ya maumivu, ya mjukuu. Hili hakujiandaa nalo. Lakini hakulazimika kufikiri sana. Alikuwa amelivunja neno alilopewa Mzee Angetile pale tu lilipombana mtoto wake juu ya mnara. Hapa hapakuwa na mtu wa kuanguka.

"Mama, hilo si langu kulisema."

Mama Gwamaka alimtazama kwa muda mrefu. Hakuonekana kukasirika. Akageuza kiganja chake, akakiangalia.

"Miaka yake ya mwisho," alisema, "kila asubuhi kabla hatujainuka kitandani alinifinya mkono. Alifinya kwa nguvu, akaachia, akafinya tena. Nikadhani ni mapenzi ya uzeeni. Tangu Gwamaka anieleze kwamba huu ugonjwa hupanda mikononi, nalala nikiwaza. Labda alikuwa anapima vidole vyake tu."

"Mtu akitaka kupima vidole, mama, hufinya chochote," Subilaga alisema. "Kikombe kinatosha. Ukingo wa kitanda unatosha. Nimefundishwa hivyo na nimefanya hivyo. Hakuna haja ya mkono wa mtu."

Mama alijifuta uso kwa kitenge haraka, kama mtu mwenye kazi inayomngoja.

Muuguzi alifungua mlango. Mshipa umepatikana, alisema, dawa inaanza kuingia, mgonjwa anaweza kuwa na mtu mmoja wa kumsindikiza. Mmoja tu, chumba ni kidogo.

Mama Gwamaka aliinuka kwa kuliegemea goti lake zima. "Sisi ni wawili," alimwambia muuguzi, akamshika Subilaga kiwiko, akampitisha mbele yake mlangoni.